Sura ya Saba: Divai Ndani ya Supu

"Kijiko ulikifuta kwa nini?"

"Kijiko kipi, Inspekta? Nimeshakwambia sikuingia."

"Na glasi?"

"Sikuingia!"

Inspekta Wilma Ghidini aliuma kifuniko cha kalamu yake mpaka kikalia. Swali hilo alikuwa ameliuliza tangu asubuhi, kwa upole na kwa ukali, kwa kuzunguka na kwa kunyoosha, na kila mara lilimrudia vile vile lilivyokwenda. Mbele yake aliketi Mwalimu Noemi Cafiero, mwanamke wa Napoli aliyehamishiwa shule ya kijiji mwezi Septemba. Macho yalikuwa mekundu na nywele hazijaona kitana tangu juzi. Nje ya dirisha la kituo ukungu wa Novemba ulikuwa umemeza hata mnara wa kanisa.

Habari yenyewe ilikuwa fupi na mbaya. Ijumaa jioni Oreste Malavasi, mkulima wa zabibu, kapera aliyevuka hamsini, alimwandalia Noemi chakula cha watu wawili nyumbani kwake, chini ya tuta la mto Secchia. Si chakula cha hivi hivi. Alitandika kitambaa cha lesi cha marehemu mama yake, akawasha mishumaa, akapanga divai za kwao, kila chakula na divai yake: Lambrusco nyekundu yenye povu kwa supu, nyeupe ya vilima vya ziwani kwa tambi za tortelli zenye boga ndani, na ile tamu ya zabibu zilizokaushwa kwa keki ya lozi. Kijiji kizima kilijua kwamba mfukoni ana pete. Asubuhi yake dada yake, Argia, alimkuta chini ya ngazi za stoo ya divai, kisogo kimepasuka, chupa ya divai nyeupe imevunjika ubavuni mwake. Tangu hapo Oreste alikuwa amelazwa hospitali ya Mantova, hajafumbua macho.

Chakula kiliishia kwenye supu. Mezani palibaki mabakuli mawili yaliyokwisha kutumika, na mabakuli hayo ndiyo yaliyomkaba mwalimu koo. Argia alisema aliwapelekea sufuria ya supu, akamwona mwanamke ameketi amempa mgongo, akawaachia faragha yao akapanda kulala. Matairi ya gari la Noemi yalikuwa yameacha alama kwenye tope la uani. Na mtaalamu wa alama za vidole, kijana mmoja mtanashati kutoka Roma, alikuwa ameandika kwamba glasi ya mgeni na kijiko chake havina alama yoyote. Vimefutwa, akasema. Muuaji wa damu baridi.

"Mwanzo ulisema hukufika kabisa," Wilma alisema.

"Niliona aibu."

"Aibu! Aibu yako itakupeleka gerezani, Mwalimu. Njia ya mwongo ni fupi, na yako iliishia kwenye tope la Malavasi. Haya, rudia. Ulifika saa ngapi?"

"Sijui. Nilichelewa sana. Nilipotea kwenye huu ukungu wenu, nikazunguka shamba moja mara mbili nikidhani ni mashamba mawili. Nikafika, nikabisha. Hakuna aliyefungua. Taa zinawaka, mishumaa inawaka. Nikachungulia dirishani." Noemi alipangusa macho. "Meza imeshaliwa. Mabakuli mawili, yote matupu. Nikajua ana mwanamke mwingine ndani. Sasa nibaki nikifanya nini? Nipige magoti mlangoni? Nikaondoka, nikalia njia nzima."

"Ulimwona huyo mwanamke?"

"Hapana."

"Ulisikia sauti?"

"Hapana."

"Basi umeona nini?"

"Mabakuli!" Noemi alipiga meza kwa kiganja. "Niliona mabakuli, Inspekta! Mtu hawezi kuona zaidi ya kilichopo!"

Wilma aliinuka, akatembea mpaka dirishani, akautazama ukungu. Alitamani kuupasua kwa mikono. Kilichomkera hakikuwa uongo wa mwalimu. Kilichomkera ni kitu kidogo kilichogoma kukaa mahali pake: kijiko cha Oreste nacho kilikuwa safi. Glasi ya Oreste ilijaa vidole vyake, lakini kijiko hakikuwa na kitu. Muuaji anafuta kijiko chake, sawa, tumwelewe. Cha marehemu mtarajiwa anakifuta kwa nini? Alikuwa amemuuliza kijana wa Roma, naye akajibu kwamba wauaji huchanganyikiwa. Jibu la kipumbavu, lakini yeye mwenyewe hakuwa na lingine.

Mlango ulifunguliwa. Aliingia Sajini Gavino Puddu, Msardinia mnene aliyeishi bonde la mto Po miaka mingi na kulilalamikia kila siku ya miaka hiyo.

"Afande, nimetoka kwa Learco."

Learco alikuwa jirani aliyegombana na Oreste kiangazi kizima kuhusu maji ya mfereji. Wilma aligeuka haraka.

"Enhe?"

"Ijumaa alikuwa anacheza karata nyumbani kwa padri. Mpaka usiku mkubwa. Padri anaapa."

"Padri anaapa kwa nini?"

"Kwa sababu Learco ndiye aliyeshinda, na padri bado ana hasira."

"Bikira Maria!" Wilma alisema, akaketi kwa kishindo. "Kila mlango ninaousukuma ni ukuta."

"Na mwendesha mashtaka amepiga simu tena. Anasema ushahidi unatosha. Jioni gari linakuja kumchukua mwalimu, linampeleka rumande Mantova. Anauliza unangoja nini."

Noemi aliwatazama wote wawili, mdomo wazi. "Jioni hii?"

Simu ya mezani ililia, na Wilma aliinyakua akitumaini ni hospitali.

"Wilma, mwanangu, ni mimi Argia. Nitaosha lini vyombo vyangu?"

Wilma alifumba macho. Ilikuwa mara ya tatu. "Dada Argia, nilikueleza. Chumba kimefungwa kwa utepe wa polisi."

"Utepe naujua. Lakini mabakuli yananuka, lesi ya mama imedondokewa nta, na watu wanakuja kunipa pole wanachungulia dirishani. Nyumba ya Malavasi haijawahi kulala na vyombo vichafu. Ni aibu, mwanangu."

"Vumilia kidogo. Pengine jioni mambo yatakwisha."

"Ah, Mungu akusikie. Kula lakini. Sauti yako ina njaa."

Wilma alikata simu, na kwa mara ya kwanza siku ile akalegea mabega. Argia ndiye aliyekunja agnoli za harusi ya Wilma, maelfu ya vifuko vya unga vyenye nyama ndani, kila kimoja kidogo kama ncha ya kidole. Mdogo wake yuko kati ya uhai na kifo, naye anawaza Wilma amekula nini.

"Puddu, kalete chakula. Kwa watatu."

"Na mshukiwa?"

"Mshukiwa ana tumbo pia."

Puddu alikwenda mgahawa wa mkabala, akarudi na sinia: supu ya agnoli inayofuka moshi, mkate, na nusu chupa ya Lambrusco. Wakakaa kuizunguka meza ile ile ya mahojiano, kwa kuwa kituo kile hakikuwa na nyingine. Noemi alikamata kijiko, akakitazama, akakirudisha. Wilma hakuwa na subira ya kumbembeleza mtu. Alisukuma kijiko chake kando, akanyanyua chupa, akamimina divai ndani ya supu mpaka ikageuka zambarau na povu la waridi likapanda ukingoni. Akakamata bakuli kwa mikono miwili, akalipeleka mdomoni.

"Unafanya nini?" Noemi alisema.

Wilma alisita, bakuli limegusa midomo. "Nakula."

"Umemwaga divai kwenye supu!"

"Ndiyo."

"Divai nyekundu! Ndani ya supu ya kuku! Na povu lake!" Noemi alikuwa amesahau machozi, amesahau gereza. Uso wake wote ulikuwa umekunjamana kama mtu aliyeona panya ndani ya unga. "Kwetu mtu akimfanyia bibi yangu hivyo mezani, anafukuzwa na kiti chake. Mna wazimu ninyi?"

Puddu alicheka mpaka mkate ukamkwama. "Waache, Mwalimu. Mwaka wangu wa kwanza huku, mama mwenye nyumba alinimiminia vile, nikadhani anataka kuniua anirithi. Wanazaliwa nayo hiyo. Hawatumii hata kijiko. Wanasimama wameupa moto mgongo, bakuli mikononi, wanafyonza na agnoli zake humo humo."

Wilma hakuwa anacheka. Alikuwa ameshusha bakuli mezani taratibu, na alikuwa akilitazama. Ukingoni palibaki alama ya midomo yake, ya zambarau. Ubavuni palibaki ukungu wa vidole vyake, mkono huu na mkono huu. Kijiko chake kilikuwa kando, kisafi, hakijaguswa. Hakijafutwa. Hakijatumika.

"Puddu," alisema. "Mabakuli ya kwa Malavasi yalikuwa na rangi gani ndani?"

"Rangi ya supu."

"Supu ipi?"

Puddu aliacha kutafuna. Alifikiri. "Zambarau," alisema. "Yote mawili, Afande."

"Yote mawili!" Wilma aliruka wima, kiti kikaanguka. "Nimeyaona kwa macho yangu, nimeyapiga picha, nimelala na picha zake chini ya mto wangu, na sikuona kitu. Kwa sababu mimi ni mtu wa hapa! Kwangu bakuli la supu likiwa zambarau ni bakuli la supu tu. Nyani haoni kundule, Puddu, na nyani huyo ni mimi!"

"Taratibu, Afande. Oreste angeweza kumfundisha mwalimu. Mtu akipenda hula hata punda. Na ninyi punda mnamla kweli."

"Mimi?" Noemi alidakia. "Hata angekuwa na pete kumi!"

"Angeweza kumfundisha," Wilma alikubali, kwa shingo upande. "Ndivyo mwendesha mashtaka atakavyosema. Kwa hiyo sitaki maneno ya mtu, nataka vidole. Anayekunywa hivi hukamata bakuli kwa vidole kumi."

Alipiga simu kwa kijana wa Roma. Akangoja, akapigiwa muziki, akangoja tena, akitukana muziki.

"Yale mabakuli mawili," alisema alipopokewa, "uliyapaka poda?"

"Mabakuli? Hapana. Nilipaka glasi, vijiko, visu, uma, chupa, kitasa cha mlango. Chupa ya Lambrusco ina vidole vya mwenye nyumba na dada yake, kama ilivyotarajiwa."

"Kwa nini si mabakuli?"

"Inspekta." Sauti ilikuwa ya mtu mwenye subira na wajinga. "Mtu hali supu ameshika bakuli. Hatuzungumzii watoto wa chekechea."

"Kwetu tunashika."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Mngeniambia."

"Ungeuliza!" Wilma aliirudisha simu mahali pake kwa nguvu kiasi kwamba supu ya Puddu ilimwagika.

Walitoka. Noemi alibaki na askari wa zamu, mikono imekumbatia bakuli lake lisilo na divai, akiwatazama kwa macho ambayo Wilma aliona heri asingeyaona. Ukungu ulikuwa mzito hata Puddu, aliyeshika usukani, aliendesha kichwa kiko nje ya dirisha, akiufuata mstari mweupe wa barabara.

"Kisiwani kwetu," alisema, "mtu akitaka kujificha anapanda mlimani. Huku anatoka tu nje ya nyumba."

"Endesha."

"Naendesha, Afande. Ninakaribia kushuka nisukume, lakini naendesha."

Wilma alihesabu kwa sauti, ili Puddu amkatize akikosea. Glasi ya mgeni haikufutwa, haikutumika. Divai ilikwenda moja kwa moja kutoka chupani hadi bakulini. Vijiko viwili havikufutwa, havikuguswa, wala cha Oreste wala cha mwenzake. Noemi alipochungulia aliona kilekile walichokiona polisi. Alisema kweli, na wao wakamchapa kwa ukweli wake. Kwenye kiti cha mgeni alikaa mtu aliyezaliwa kati ya mito hii, mtu ambaye Oreste alikula naye bila adabu za wageni.

"Mwanamke mwingine, basi," Puddu alisema. "Argia alimwona mgongo, akadhani ni mwalimu."

"Mwanamke wa hapa aingie nyumba ya Malavasi Ijumaa jioni, Argia yuko jikoni, asimjue kwa mgongo? Argia anamjua kuku wa jirani kwa mgongo."

Puddu alipunguza mwendo.

"Basi Argia hakuona mgongo wa mtu," alisema.

Wilma aliutazama ukungu mbele ya gari. Alikuwa ameshalifikia neno hilo kabla yake, akalizunguka, akalikataa, na lilikuwa bado limekaa pale pale. Harusi yake, agnoli maelfu. Kula lakini, sauti yako ina njaa. Ilimuuma, na maumivu yalimtia hasira zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba ndicho pia kinachokulisha.

"Ongeza mwendo," alisema.

"Usiwe na wasi, Afande. Geti litakuwa wazi. Nilimpigia."

"Ulimpigia nani?"

"Argia. Ulipokuwa unavaa koti. Nilimwambia afungue geti, tusije tukaligonga kwenye huu ukungu."

"Ulimwambia tunakuja kufanya nini?"

Puddu alirudisha kichwa ndani ya gari. Sikio lake lilikuwa jekundu kwa baridi, na sasa na uso ukawa mwekundu.

"Nilimwambia... nilimwambia afurahi. Kwamba tunakuja kuchukua mabakuli."

"Puddu!"

"Alikuwa analalamika vyombo! Nilidhani nampa habari njema!"

"Puddu, Puddu, Puddu!" Wilma alipiga dashibodi kwa ngumi. Alitaka kulia, alitaka kumtupa mferejini, alitaka kurudi asubuhi aianze siku upya. Siku mbili alikuwa na ushahidi mezani, wazi kama jua, akaufungia mlango akaenda kugombana na mwalimu wa watu kuhusu kijiko. Na sasa, alipofumbua macho, Puddu kapiga simu.

Geti lilikuwa wazi. Nyumba ya Malavasi ilitokea ghafla ndani ya ukungu, matofali mekundu yanatiririka maji. Wilma alishuka kabla gari halijasimama. Mlango wa mbele haukufungwa. Utepe wa polisi ulikuwa umekatwa kwa mkasi, ukakunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kabati la viatu. Kutoka ndani lilisikika bomba likidondosha maji, halijafungwa vizuri.

Argia alikuwa ameketi mezani, kwenye kiti cha mgeni. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mifupa, aproni imefungwa mara mbili, mvi zimebanwa nyuma. Mikono yake ilikuwa na maji. Mbele yake, juu ya kitambaa cha kufutia, liliwekwa bakuli moja, jeupe, linang'aa.

Wilma alilitazama bakuli lile. Sabuni, maji ya moto, kitambaa. Hata Mtakatifu Antonio, mtafuta vilivyopotea, asingepata kidole hapo.

"Dada Argia," alisema. "Nilikukataza."

"Ulinikataza. Ungeninyima na pumzi basi." Sauti ya Argia ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu aliyekutwa akifagia. "Vinaoza, mwanangu. Mtaniweka ndani kwa kuosha vyombo?"

Puddu alisimama mlangoni, kofia mkononi, hathubutu kumtazama yeyote. Wilma alijua sasa kwamba ameshindwa. Jioni gari litakuja, mwalimu atapanda, na yeye atakuwa na nini cha kumwambia mwendesha mashtaka? Kwamba mshukiwa hapendi supu yenye divai? Wangemcheka mpaka Roma.

Alivuta kiti cha pembeni, akaketi. Na alipoketi, macho yake yakawa sawa na meza.

Uma zilikuwa pale pale. Vijiko pale pale. Glasi ya Oreste ilikuwa na tone la divai lililokauka chini. Nta imemwagika kwenye lesi, haijakwanguliwa. Makombo ya mkate. Sufuria ya supu yenye utando wa mafuta. Na upande wa pili wa meza, bakuli la Oreste, zambarau ndani, kavu, na ukingoni alama ya mdomo wa mtu.

"Umeosha kimoja," Wilma alisema.

Argia alilivuta bakuli karibu naye.

"Mara tatu umenipigia simu kwa ajili ya vyombo. Lesi ya mama, sufuria, harufu. Puddu amekupigia, umepata muda wa kutosha kuosha kila kitu na kupiga deki. Umeosha kimoja tu. Umejuaje ni hiki?"

"Kilikuwa karibu."

"Karibu na sinki ni sufuria."

Argia alichukua kitambaa, akaanza kulifuta tena bakuli lililokwisha kukauka. Alifuta ndani, akafuta nje, akafuta chini.

"Ulipomaliza hili ulikwenda kuchukua la Oreste," Wilma alisema. "Mkono wako umedondosha maji kwenye lesi, tazama, mpaka pale kwenye bakuli lake. Halafu ukarudi ukaketi. Kwa nini hukuliosha?"

Kitambaa kilisimama.

"Mdomo wake uko pale," Argia alisema.

Puddu alikohoa mlangoni. Wilma alimnyamazisha kwa jicho.

"Kama hatarudi," Argia alisema, "ndiyo mdomo wake pekee uliobaki nyumbani. Nitauosha vipi, Wilma? Wewe ungeuosha?"

"Nieleze ya Ijumaa."

"Supu ilikuwa inapoa." Alisema hivyo kana kwamba amemaliza maelezo yote. Kisha akaendelea, bila kuinua macho. "Huyo mwalimu haji, haji, haji. Oreste anakwenda dirishani, anarudi, anakwenda. Nikamwambia, mdogo wangu, agnoli zinavimba, zitapasuka. Nimezikunja tangu alfajiri. Akasema, haya, keti basi, tunywe bakuli moja la kupasha tumbo, wewe ukae mahali pake mpaka afike." Hapo aliinua macho, na yalikuwa makavu na yenye hasira. "Mahali pake! Kiti hiki nimekikalia tangu miguu haijafika sakafuni. Mama alipougua nilimlisha nikiwa nimekikalia. Na mimi nikakaa, Wilma. Nikakaa mahali pake, nikamimina divai, nikanywa. Hata nilifurahi. Tulikunywa kama zamani."

"Halafu?"

"Akanionyesha pete. Ya mama. Akasema jiko litakuwa la Noemi, na mimi atanitengenezea vyumba viwili vizuri juu ya zizi, na nitakuwa napumzika. Alicheka. Alidhani ananipa zawadi, yule mjinga! Akainuka kwenda kuchukua divai nyeupe, iwe na baridi huyo akifika. Nikamfuata mpaka ngazini. Nilitaka kumwambia tu kwamba sitaki kupumzika. Hakugeuka." Argia alitazama mikono yake. "Nilimsukuma ageuke."

"Na mwalimu alipobisha?"

"Nilikuwa nimesimama gizani ukumbini. Nilimsikia. Alibisha sana, maskini, aliita jina lake. Na Oreste alikuwa anaguna kule chini."

Wilma alishika ukingo wa meza. "Ungefungua mlango! Mngekuwa wawili, mngemnyanyua, angefika hospitali usiku ule ule! Ungefungua tu mlango, dada Argia!"

"Ningefungua, angeingia."

Wilma aliinuka. Alitoa simu mfukoni, akampigia askari wa zamu, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa ukavu. "Mfungulie mwalimu. Ndiyo, sasa hivi. Mwendesha mashtaka niachie mimi. Na mtafutie mtu wa kumpeleka hospitali Mantova, akakae na Oreste."

Puddu alilivisha bakuli la Oreste mfuko wa plastiki kwa mikono miwili, taratibu kuliko alivyowahi kushika kitu chochote. Argia alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani. Aliomba koti lake la nyuma ya mlango, na Wilma akamshikilia aingize mikono, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kumfanyia mwanamke aliyemzidi umri.

Kizingitini Argia alisimama. Ukungu ulikuwa unaingia ndani.

"Akiamka," alisema, "nani atampikia? Huyo mwalimu anajua hata kutengeneza supu?"

"Sijui," Wilma alisema. "Ninachojua, hatii divai."

Argia alimtazama kuona kama anatania. Akaona hatanii.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Maskini mdogo wangu," Argia alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.